Ushanga kwenye Mgongo wa Kitabu

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufua sare yake ya shule, Akidor aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba ya nyanya yake, mtaani Kiwanjani, akafungua kitabu. Nyanya Akolong alikaa upande wa kivuli, ungo wa maharagwe mapajani. Mikono yake ilichagua mawe, masikio yake yalisikiliza.

"Anza," alikuwa akisema. "Na usikimbie. Maneno si mbuzi."

Nyanya Akolong alisoma hadi darasa la tatu tu, na sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliweza kusoma jina lake, na namba za nyimbo zilizoandikwa ukutani kanisani. Kitabu kizima hakukiweza. Lakini alipenda hadithi sana, tena alitaka kujua ni maneno gani yanayoingia kichwani mwa mjukuu wake. Mama yake Akidor alifanya kazi Nairobi, na mtoto alikuwa mikononi mwa bibi huyo tangu alipoachishwa kunyonya.

Vitabu vyao vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Vilikuwa thelathini na kimoja. Vingi vilitoka kwa Mutembei, ambaye hutandaza gunia kando ya ua wa ofisi za kaunti na kuuza vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine. Mutembei mwenyewe hakuwa msomaji. Ukimuuliza kama kitabu ni kizuri, alikipima kwa mkono na kusema, "Hiki ni kizuri sana. Kina karatasi nyingi."

Sanduku hilo halikuwa la Akidor peke yake. Lilikuwa pia la Leila, rafiki yake waliyeketi naye dawati moja katika darasa la saba. Leila aliishi na shangazi yake, Luul, muuza vitambaa sokoni. Baba yake, Guleid, aliendesha lori la Moyale, na tangu lami ikamilike alikuwa nyumbani siku mbili na barabarani siku tano. Siku ile wasichana hao walipoomba kuchangia vitabu, Luul alikuja mwenyewe kwa Nyanya Akolong.

"Mama," alisema, "msichana wetu anapenda kusoma, na mimi sina muda, niko dukani kutwa. Sitaki kitabu cha kumfundisha uchafu. Wala sitaki kitabu cha kutukana dini yetu."

"Hata mimi sitaki," Nyanya alijibu. "Kitakachopita hapa mlangoni kwangu, kiwe kinaweza kupita na kwako."

Basi wakakubaliana hivi. Kila kitabu kitasomwa kwa sauti mbele ya Nyanya, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kikifaa, Nyanya atachomoa ushanga mmoja kutoka kwa mkufu wake, ule alioachiwa na marehemu mama yake, na kuushona kwenye mgongo wa jalada la kaki. Kitabu chenye ushanga kinaenda kwa Leila. Kisicho na ushanga kinarudi kwa Mutembei.

Msidhani Nyanya alikuwa mwepesi kukataa. Kitabu cha mwizi wa mbuzi alikipitisha, kwa sababu mwizi alionekana wazi kuwa mwizi, na njaa yake pia ilionekana. Kitabu chenye picha ya kanisa juu ya jalada alikikataa, kwa sababu kutoka mwanzo hadi mwisho kilimcheka mtoto kiwete. "Huyu aliyeandika ana msalaba mkononi na fimbo mgongoni," alisema. "Kirudishe."

Siku moja Mutembei alimuuzia Akidor kitabu kuhusu msichana wa hoteli na dereva mmoja. Jumamosi ilipofika, Akidor alisoma vizuri mpaka katikati. Hapo dereva alifunga mlango wa chumba, na maneno yaliyofuata yalikuwa maneno ambayo msichana hawezi kuyatamka mbele ya nyanya yake. Akidor alihisi masikio yanachemka.

Angeweza kufunga kitabu na kusema, "Nyanya, hiki hakifai." Lakini alitaka sana kujua mwisho. Na alijua kwamba kitabu kikikataliwa saa ile, kitarudi kwa Mutembei saa ile ile.

"Mbona umenyamaza?" Nyanya aliuliza.

"Natafuta mstari, Nyanya." Akaruka ukurasa. "Basi... wakanywa chai, wakaagana."

Kurasa nane mbele, mlango ukafungwa tena. Akidor akaruka tena. "Wakanywa chai, wakaagana." Mpaka kitabu kinaisha, alikuwa ameruka kurasa nne.

Nyanya Akolong alicheka. "Watu wa kitabu hiki wanapenda chai. Maziwa wanatoa wapi, na kote ni ukame?" Akapapasa shingoni, akachomoa ushanga wa samawati, akaushona na kufunga fundo. Halafu akamkabidhi Akidor. "Mpelekee Leila."

Akidor alikipeleka. Njiani alijiambia kwamba Leila naye ataruka. Si ana macho?

Leila hakuruka, kwa sababu hakufika hapo. Jumapili jioni alikuwa ndio kwanza ameanza sura ya pili, kitabu kiko juu ya meza ya vitambaa, Luul alipokichukua na kukifungua katikati. Akasoma mistari sita akiwa amesimama.

Alifika Kiwanjani jua halijazama. Siku hiyo hakuanza na salaam aleikum. Alimshika Leila mkono kama mtu anavyoshika ndoo, na majirani walitoka kuona kuna nini. Akatupa kitabu miguuni pa Nyanya.

"Mama, hiki ndicho ulichomshonea mtoto wangu ushanga?"

"Kina nini?"

Luul aliinama, akamnong'oneza maneno mawili matatu sikioni.

"Maneno hayo sijayasikia," Nyanya alisema.

"Basi ama umezeeka, hujui unachosikia, ama mtu ametoa ushanga wako kwa kitabu safi akaushona kwa kitabu kichafu." Luul aliwageukia wasichana. "Leila anasema alikipokea hivyo hivyo. Akidor, wewe ndiye msomaji. Ulimsomea nyanya yako kitabu hiki?"

Wote wakamtazama. Leila pia alimtazama, na hakuwa na wasiwasi wowote, kwa maana alijua jibu.

Akidor alikitazama kitabu. Jalada lilikuwa la kaki kama majalada mengine thelathini.

"Hapana," alisema. "Sicho hiki nilichosoma. Labda Leila alibadilisha."

Leila alimgeukia shangazi yake, akatikisa kichwa.

"Nimesikia," Luul alisema. "Ijumaa baba yake anarudi na lori. Nitamwambia ampeleke Rapsu kwa jamaa zetu, akakae dukani huko. Atasoma majina ya vitunguu."

Nyanya Akolong aliokota kitabu. Kidole chake kilitambaa juu ya mgongo wa jalada, kikafika kwenye ushanga, kikagusa fundo. Kilikaa pale muda mrefu.

"Luul, binti yangu," alisema. "Usimwambie baba mtu lolote kabla ya Ijumaa."

"Nitangoja mpaka Ijumaa, Mama. Lakini vitabu vyenu sivitaki tena." Na akamburuta Leila, majirani wakimpisha.

Jumatatu shule nzima ilikuwa imeshajua. Akal, msichana aliyekaa nyuma yao darasani na mwenye ulimi kama wembe, alimngoja Leila mlangoni na daftari lake la hesabu.

"Fundi, nishonee ushanga hapa, mwalimu aniwekee alama zote."

Darasa likacheka. Mwingine akaleta barua ya karo. Mwingine akaleta viatu vilivyotoboka. "Fundi, shona na hapa, mama aone ni vipya." Wavulana wa nyuma walimwomba asome ile sehemu chafu, kwa sauti ya chini tu, wasikie. Leila aliketi akitazama ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Akal alimgeukia Akidor. "Na wewe unakaaje na mtu kama huyu? Hata ushanga wa nyanya yako ameiba."

Hapo Akidor alicheka. Hakuwa na haja ya kucheka, hakuna aliyemlazimisha. Alicheka ili aonekane yuko upande wa wanaocheka, kisha akachukua mkoba wake akahamia dawati la Akal.

Jumanne Leila alimkuta kwenye mfereji wa shule.

"Sema tu ulikisoma," Leila alisema. "Mimi sitakasirika. Sema tu."

"Nikisema, Nyanya atanifanya nini?"

"Na mimi nitafanywa nini?"

Akidor aliangalia maji yanavyojaa. "Utaenda Rapsu, halafu utarudi."

"Binamu yangu alipelekwa dukani akiwa darasa la sita," Leila alisema. "Mpaka leo anapima sukari." Alingoja. Alipoona Akidor anafunga mfereji na kuinua mtungi wake, akaondoka.

Nyumbani, Nyanya hakuuliza lolote. Jumapili ile, Luul alipoondoka, Nyanya alichemsha chai ya maziwa, akamimina kikombe kimoja, akakiweka mbele ya Akidor, akakaa ng'ambo ya meza.

"Kunywa," alisema.

Akidor aliinua kikombe. Nyanya alikuwa anamtazama kwa yale macho yake ya ukungu. Akidor akakirudisha mezani.

Jumatatu jioni ikawa vivyo hivyo. Jumanne vivyo hivyo. Chai ilipoa, ikafanya utando juu, na Nyanya akaimwaga nje. Kwa nyumba ile maziwa hayakuwa kitu cha kumwaga. Jumatano Akidor hakuvumilia.

"Nyanya, kwani unajua?"

"Ninajua nini?"

"Hiyo chai."

"Mimi ni mzee, sijui ninachosikia. Luul amesema mbele ya watu wote. Niambie wewe."

Akidor akalia. Alisema yote: kurasa nne, mlango, chai, Mutembei, hata kicheko cha darasani. Nyanya alingoja mpaka amalize kulia, na alikuwa na subira ya kutisha, hakumfuta hata chozi moja.

"Fundo lile ni langu," alisema mwishowe. "Nalijua kwa kidole kama ninavyojua pua yangu. Jumapili nilijua unadanganya kabla hujafunga mdomo. Sasa umeniambia mimi. Mimi siendi Rapsu. Kesho ukitoka shule, nenda umwambie anayehusika."

"Twende pamoja, Nyanya."

"Ulipomtupa Leila ulikuwa peke yako."

Alhamisi baada ya shule, Akidor alikwenda sokoni. Duka la Luul lilikuwa limejaa wanawake wanaochagua shiri, vile vitambaa vya arusi, na Leila alikuwa nyuma, anakunja vitambaa. Akidor alisubiri watu wapungue. Hawakupungua.

"Unataka nini?" Luul aliuliza.

"Shangazi, ule uongo ni wangu. Kitabu nilikisoma mimi. Niliruka kurasa mbaya, Nyanya hakuzisikia. Leila hakubadilisha kitu."

Luul aliweka mkasi chini. "Sema tena. Huyu mama aliye mlangoni hakusikia."

Akidor akasema tena.

"Na yule pale anayeuza viatu? Maana mtoto wangu ametukanwa mpaka kwa watu wa viatu. Paza sauti."

Akasema mara ya tatu, akilia, na watu wa viatu wakasikia. Hakuna aliyemwonea huruma. Leila hakuinua kichwa. Aliendelea kukunja kitambaa kile kile, akakunjua, akakikunja tena.

"Rapsu haendi," Luul alisema. "Sasa ondoka hapa mbele yangu."

Ijumaa ilibaki darasa. Nyanya alikuwa amesema darasa pia linahusika. Akidor alisimama kabla mwalimu hajaingia, akasema tena maneno yale yale, hata ile chai aliyoiweka mahali pa kurasa alizoruka. Akal alisikiliza kwa furaha.

"Kumbe," alisema. "Wakanywa chai, wakaagana."

Kuanzia saa ile jina la Akidor shuleni likawa Chai. Alipopita waliuliza kama ana sukari. Hata watoto wa darasa la pili, wasiojua kilichotokea, walimwita Chai, na jina hilo lilidumu mpaka alipomaliza darasa la nane. Kwenye dawati la Akal alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alipokwenda kwa dawati lake la zamani, Leila alikuwa ameweka mkoba juu ya kiti. Akidor alisoma muhula ule akiwa ameketi peke yake, nyuma kabisa.

Jumamosi, Luul alifunga duka mapema, akaja Kiwanjani na Leila. Safari hii alisalimia. Nyanya Akolong alikuwa amelitoa sanduku nje, na mkononi ana wembe.

"Kata shanga zote," alimwambia Akidor.

"Zote? Nyanya, hivi vingine nilivisoma sawasawa. Havina kosa."

"Na Leila alikuwa na kosa?"

Akidor alichukua wembe. Akakata ushanga mmoja mmoja, thelathini na moja, zikaanguka ndani ya bakuli la bati na kulia kama matone ya kwanza ya mvua. Zile zilikuwa shanga za mama yake Nyanya. Shingoni mwa Nyanya ulibaki uzi wenye mapengo mengi kuliko shanga, na alizitazama zikianguka.

Luul ndiye aliyesema. "Mama, kuna jambo moja. Ulijua tangu Jumapili. Siku zote hizo mtoto wangu anachekwa, nawe unapika chai?"

Nyanya Akolong aliinamisha kichwa. "Nilitaka wangu aseme mwenyewe. Ijumaa ingefika kabla hajasema, ningekuja kwako kwa miguu yangu. Lakini ni kweli, nilimfundisha wangu kwa machozi ya wako. Leila, mwanangu, hapo nilikukosea. Nisamehe."

Leila alitingisha kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Sasa, Akidor, sikia," Nyanya alisema. "Ushanga hauna macho wala masikio. Ni kipande cha kioo. Luul hakuamini kioo, aliniamini mimi, na mimi niliamini sauti yako. Ukikutana na ukurasa mchafu, hiyo si dhambi yako, hukuuandika wewe. Ungefunga kitabu ukasema, 'Nyanya, hapa pamechafuka,' tungekirudisha na tungecheka. Lakini uliuficha uchafu, ukampa mwenzako aubebe, na alipoanguka nao ukacheka. Kitabu kile kiliharibu saa moja ya Luul. Wewe uliharibu wiki nzima ya Leila. Kwa hivyo tutaanza upya. Kitabu cha kwanza, neno la kwanza."

Akidor alikaa kwenye kigoda, akafungua kitabu cha mwizi wa mbuzi. Luul alikaa kando ya Nyanya, miguu ameinyoosha, amechoka na siku. Leila alikaa ng'ambo, mbali. Ukurasa wa kwanza ulipoisha na Akidor akafunua wa pili, Leila alimsemesha kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Umeruka?"

"Sijaruka."

"Lete."

Akachukua kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari yote, akakirudisha. Ukurasa wa tatu akauliza tena. Wa nne, tena. Jioni nzima ilikwenda hivyo, na Nyanya hakumzuia, na Luul hakumzuia.

Kitabu kilipokwisha, Nyanya alichukua ushanga mmoja kutoka bakulini. Akidor alinyoosha mkono kuupokea. Nyanya akaupitisha mbele yake, akauweka kiganjani mwa Leila, pamoja na sindano. Leila alishona, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Kitabu hakumpa Akidor. Alimpa Nyanya.

Wakaendelea hivyo kila Jumamosi, kitabu kwa kitabu, mpaka msimu wa mvua ukaja na kuondoka. Kwenye kitabu cha tisa, Leila aliacha kuuliza. Kwenye kitabu cha kumi na nne palikuwa na mama aliyekufa kwa njaa, na Akidor aliisoma sehemu hiyo yote, polepole, sauti ikikatika, wala hakuruka hata nukta. Leila alishona ushanga, akafunga fundo. Akakishika kitabu kwa muda.

Halafu akakiweka mikononi mwa Akidor.